Futi na Kiuno Changu

Nilikuwa mnene. Si ule unene wa kusemwa kwa adabu, la, unene wenyewe. Mimi ni fundi wa nguo na vipimo navijua, kwa hiyo sijidanganyi: kiuno changu kilikuwa inchi hamsini na mbili, na gauni langu moja lilikula kitambaa cha watu wawili. Nikipita kati ya vibanda pale sokoni Migori, wanaume wa kuuza viatu walipiga kelele, "Pisheni, lori linapita!" Nami nawajibu, "Lori hili halibebi takataka, kaeni hapohapo." Tunacheka, kila mtu anarudi kazini. Aibu sikuona hata kidogo.

Kilichonitisha ni moyo. Mume wangu alikuwa amekufa ajalini, gari lilipinduka njiani kutoka Kisii, akaniachia binti mmoja wa miaka saba. Miaka miwili baadaye daktari akaniambia presha imepanda vibaya na moyo umechoka kuubeba mwili huu. Nikawaza jambo moja tu: nikifa, huyu mtoto atabaki na nani? Dada yangu alikuwa muuguzi huko Ulaya. Akaniandikia kwamba kuna upasuaji mpya, wanafunga pete ya mpira sehemu ya juu ya tumbo, unashiba kwa chakula kidogo, unapungua. Akapanga kila kitu. Nikaenda, nikafungwa pete, nikarudi. Nilifanya hivyo ili binti yangu asibaki bila mama, na nataka mlikumbuke hilo.

Karatasi ya masharti niliyopewa ilieleza mengi. Tafuna kila tonge mpaka liwe uji. Usinywe maji ukiwa unakula. Acha kula kabla hujashiba. Ila walioiandika hawakuwa wamewahi kula Migori, maana neno ugali halikuwamo. Ugali ulikwama. Haukwami kooni, unakwama hapa kifuani, unahisi umemeza ngumi, mate yanakujaa mdomoni mazito kama ute wa bamia, halafu vyote vinarudi. Baada ya kutapika mara tatu nne nikaacha. Nikawa nakula supu ya samaki na yai moja, na hilo yai nalimaliza kwa nusu saa.

Lakini kupungua nilipungua, jameni. Kila Jumapili jioni binti yangu alinivua futi shingoni, ile ya kupimia nguo, akanizungushia kiunoni na kunisomea namba, maana mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuinama nikasoma tumbo langu. Aliziandika nyuma ya daftari lake la hesabu. Hamsini na mbili. Hamsini. Arobaini na saba. Ulikuwa mchezo wetu. Nilikata magauni yangu, nikayashona upya, na vipande vilivyobaki nikamshonea yeye sketi.

Kisha wale wa viatu wakaacha kunitania. Sikuligundua mara moja. Siku moja nilipita, wakanyamaza, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama." Pole ya nini? Ukiona mtu wa soko la Migori ameacha kukutania, ujue ameshakuweka na marehemu.

Miaka hiyo ya tisini Ukimwi ulikuwa unatumaliza. Kila wiki matanga, na hakuna aliyeutaja kwa jina lake. Mtu anakonda, anatapika, ukiuliza unaambiwa ni malaria, ni homa ya matumbo, au ni chira, ile laana ambayo Wajaluo husema humpata aliyevunja mwiko. Halafu siku moja anazikwa. Sasa nitazame mimi: mjane, nimekonda, natapika, na ukiniuliza nakwambia nina pete tumboni. Nani angeniamini? Katika uongo wote uliosemwa miaka ile, ukweli wangu ulisikika kuwa uongo wa kijinga kuliko wote. Jirani yangu wa kibanda, mama muuza vitenge, akaniuliza, "Hiyo pete, ulipewa na nani huko ng'ambo?" Nikaona jinsi macho yake yalivyokaa. Kulikuwa na habari nyingi wakati ule za waabudu shetani na pete zao. Basi wengine waliniona mgonjwa, wengine wakaniona wa shetani, nichague mwenyewe ninalolipenda.

Wao wangeamini walitakalo, haki ya Mungu, nisingejali. Mimi mdomo ninao. Shida ilikuwa binti yangu. Yeye ndiye niliyetaka aniamini, yeye peke yake, na ndiye niliyeshindwa kumshawishi.

Nilienda kupimwa damu, nikarudi na karatasi, nikamketisha nikamsomea neno kwa neno. Damu safi. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Hata mama yake rafiki yangu alikuwa na karatasi. Ilisema homa ya matumbo." Mama huyo tulikuwa tumemzika Pasaka. Nikamshika mkono nikaubonyeza hapa chini ya mbavu, ambapo wale madaktari walinishonea kidude kigumu chini ya ngozi, kinachoungana na pete kwa kijibomba.

"Umesikia hiyo? Hapo ndipo wanapodunga sindano kuikaza pete au kuilegeza."

Akaondoa mkono haraka. "Hiyo ni uvimbe, mama."

"Si uvimbe!"

"Basi si uitoe tu? Uitoe, unone tena."

Nitaitoa wapi? Nilizunguka. Hospitali ya kwanza, daktari kijana alinisikiliza vizuri, akabonyeza, akasema hajawahi kuona kitu hicho maishani na hatamdunga mtu sindano mahali asipopajua. Ya pili hawakunisikiliza kabisa. Waliniandikia dawa ya minyoo. Nikaenda posta kumpigia dada yangu simu, nikamwambia nirudishe huko waifungue. Akaniambia mbona matokeo ni mazuri mno, presha imeshuka, nivumilie. Nikalia kwenye kile kibanda cha simu huku watu wamepanga foleni nje wakinitazama. Nina hakika waliliona jambo hilo, na kila mmoja akapata lake la kwenda kusimulia.

Jumapili moja futi ilisoma thelathini na sita. Binti yangu hakuiandika. Alikaa na kalamu mkononi, kisha akaniuliza, "Mama, mtu akifika inchi ngapi ndiyo anakufa?"

Nikamkaripia. Ndiyo, nilimkaripia, nikamwambia aache ujinga, nikaivuta ile futi mkononi mwake kwa nguvu. Najuta mpaka leo. Sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu nafoka. Tangu siku hiyo hakunipima tena mbele yangu. Nilikuja kugundua kwamba alikuwa anapima magauni yangu yakiwa kwenye kamba ya nguo, kwa sababu namba ziliendelea kuandikwa mle daftarini.

Akaanza pia kutaka kufundishwa mambo. Ugali wa watu wawili unatiwa maji kiasi gani? Dagaa, hizi tunazoita omena, huoshwa mara ngapi? Sindano ya cherehani ikivunjika inabadilishwaje? Cheti changu cha kuzaliwa kiko wapi? Nilidhani mtoto anakua. Nilijivuna hata kwa majirani: wangu ana miaka kumi na anasonga ugali peke yake.

Mwezi wa nane shule zilipofungwa, mama mkwe wangu alituita kwake upande wa Homa Bay. Yeye ni Mjaluo na mimi ni binti wa Kikuria kutoka Kehancha, kwa hiyo lugha yetu ilikuwa Kiswahili, changu cha shule na chake cha kuuzia omena. Hajawahi kunitukana, niseme ukweli. Aliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na aliniita kwa upendo. Lakini tangu nilipoolewa palikuwa na jambo moja asilolivumilia, nalo ni mtu kukataa chakula chake.

Akapika. Ugali mkubwa na samaki mbuta wa kuchemsha, na dada wawili wa marehemu mume wangu wamekuja kutuona. Nilijua kwa nini wamekuja. Walinisalimia kwa mikono miwili wakanitazama shingo.

"Kula, Nyar Kuria," mama mkwe akasema. "Mimi naona hii mwili imeisha. Kula kidogo tu, hata mimi roho yangu itulie."

Binti yangu alikuwa amekaa kando yangu, hali chochote, anautazama mkono wangu. Nikasema moyoni, leo nitakula. Nitakula ugali kama watu, waone, na huyu mtoto aone. Pengine tonge zikiwa ndogo zitapita. Nikamega la kwanza, nikatafuna, likapita. La pili likapita. Mama mkwe akatabasamu. Binti yangu naye akamega tonge lake la kwanza. Nilipoliona hilo nikapata wazimu wa furaha, nikala la tatu na la nne bila kutafuna sawasawa.

La nne lilikwama. Nilitabasamu. Nikajaribu kuzungumza, nikauliza bei ya omena siku hizi, huku kifua kinapasuka na mate yananijaa. Nikasimama nitoke nje. Sikufika mlangoni.

Nilikuwa nimeinama, nimeshika ukuta, ugali wote uko sakafuni vilevile ulivyoingia. Binti yangu ndiye aliyeinuka. Alienda jikoni akarudi na majivu kwenye kipande cha bati, akayamwaga juu yake, akafagia taratibu kama mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Na kweli alikuwa ameifanya mara nyingi.

Mama mkwe akaanza kulia. "Na mtoto yangu," akasema. "Ile gari."

"Gari lilipinduka, Mama. Ulimwona mwenyewe, ulimzika mwenyewe."

"Niliona. Lakini kwa nini ilipinduka?"

Alikuwa anawaza ile chira. Nilimweleza tena, pete, mpira, presha, sindano, nikafunua blauzi mbele ya mashemeji zangu kuwaonyesha kovu. Wakageuza nyuso kwa heshima. Mama mkwe akanishika bega akasema mtoto akae naye, aingie shule ya pale, mimi nirudi Migori nipumzike nipate nguvu. Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti kubwa, huyu ni wangu, hakai kwa mtu na mama yake yuko hai, hatubaki, twende zetu, leta begi lako.

Akalileta. Akaliweka mbele yangu akafungua zipu. Tulikuwa tumekuja kwa siku tatu tu. Ndani ya begi palikuwa na sare yake ya shule, viatu vyeusi, daftari zote, cheti cha kuzaliwa, na ile picha yangu kubwa ya ukutani nikiwa mnene, ameifunga ndani ya sweta isivunjike kioo.

"Nilipanga tukiwa nyumbani," akaniambia. "Ili usihangaike."

Nilirudi Migori peke yangu. Nilikaa mbele ya cherehani siku mbili bila kushona. Nilikuwa mzima, presha sawasawa, magoti hayaumi, napanda ngazi ya posta bila kusimama, na sikuwa na mtoto. Halafu nikaitoa ile karatasi ya masharti. Chini kabisa palikuwa na orodha ya vitu vya kukwepa, kwa sababu ni laini, vinateleza kwenye pete bila kukwama na kumrudishia mtu unene wote. Nikaisoma mara mbili. Sukari. Samli. Soda. Maziwa yenye mafuta yake. Avokado.

Nikaenda sokoni, nikanunua orodha nzima. Nilikunywa uji wa sukari na samli asubuhi, mchana na jioni. Soda niliifungua usiku ikakaa wazi mpaka ikaisha gesi, asubuhi nainywa. Avokado nilizisaga kwenye maziwa. Nilikunywa huku nimekasirika, na mara nyingine huku nalia, maana nilikuwa nauharibu kwa mikono yangu ule mwili nilioufuata ng'ambo. Futi nilijipima mwenyewe. Thelathini na tatu, thelathini na tano. Magoti yakaanza kuuma tena mwezi wa kumi na moja. Wiki hiyohiyo mmoja wa wale wa viatu aliniangalia nikipita, akasita, akasema, "Lori limetoka gereji?" Niliingia kibandani nikajifunika uso kwa kitambaa cha mteja.

Desemba mama mkwe alimleta kunisalimia. Binti yangu alikuwa amerefuka. Hakunikumbatia, aliniamkia tu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Baada ya chai akainuka, akaja mpaka nilipokaa, akanivua futi shingoni. Nikasimama. Alinizungushia kiunoni, akaikaza, akasoma, akailegeza akasoma tena. Akatoa lile daftari la hesabu kwenye begi akaandika.

"Thelathini na tisa," akasema. "Mama, umepona?"

Nilitaka kumwambia. Pete, mpira, presha, yote yalikuwa tayari ulimini. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Nimepona."

Mwaka mzima nilimwambia ukweli, na hakuuamini hata siku moja. Uongo huu aliuamini palepale. Akakunjua sare yake kutoka kwenye begi, akaenda kuitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango.