Waliombofyea Mwanaasha

Cherehani ya kwanza aliyoikanyaga Mwanaasha Mwinshehe ilikuwa ya kiwandani. Mama yake alipewa ikiwa sehemu ya kiinua mgongo, mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi kilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao. Mama akaiweka barazani, Mafiga, mjini Morogoro, akashonea sare za shule mpaka macho yakamchoka. Binti akaipokea kazi hapo hapo, kwenye kiti kile kile.

Mwanaasha akawa fundi hasa. Sifa yake kubwa ilikuwa kukata. Ukimletea kitambaa kilichopungua atakutolea gauni na kola juu, na vipande vya kutupa havijai kiganja. Mafundi wadogo walizoea kuja kumuuliza: mkono unakatwaje usivute kwapani, sketi ya kumwagika inapimwaje. Aliwaeleza wote, akawarudia, mpaka mate yakamkauka.

Victor, kijana wa chuo aliyepanga chumba cha uani, alikuwa akisikiliza. Siku moja akamwambia Mwanaasha, akimwita kwa jina la mtoto wake, "Mama Yasmin, haya maneno yaweke mtandaoni. Utaeleza mara moja, watasoma wote."

Ndivyo ilivyozaliwa tovuti ya Kata Vizuri, mwaka 2012. Kila Ijumaa mchana Mwanaasha alitandika kitambaa sakafuni, akachora kwa chaki, akapiga picha kila hatua, kisha akaandika kama anavyosema: "Kunja mara mbili, mkunjo ukuelekee wewe. Usiogope mkasi." Alidhani watasoma mafundi wa Mafiga na Kihonda. Wakasoma watu wa Tanga, wa Songea, wa Mombasa. Mama mmoja aliyeolewa Muscat alimtumia picha ya gauni la kijani alilolikata kwa kufuata maelezo yake. Mwanaasha aliionyesha picha ile kwa kila mteja aliyekanyaga baraza yake wiki hiyo, hata kwa muuza maji.

Victor ndiye aliyeleta habari za matangazo. Kulikuwa na kampuni ya ng'ambo iliyoweka matangazo kwenye tovuti za watu. Msomaji akibofya tangazo, mwenye tovuti anahesabiwa chake, na kikifika kiwango kilichowekwa, analipwa. Wakajiunga. Kiasi kikaanza kupanda, polepole kwanza, halafu kwa kasi iliyowashangaza wote wawili. Mwanaasha akaenda mjini kuulizia bei ya mashine ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za nguo zisichanuke, akaishika shika dukani kama mtu anayesalimiana nayo.

Kiwango kikafika. Kampuni ikaandika kwamba malipo yatatumwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ikaja barua pepe nyingine. Victor aliisoma akiwa amesimama, halafu akavuta kigoda.

"Wamefunga akaunti, Mama Yasmin."

"Kwa kosa gani?"

"Wanasema kuna mibofyo isiyo halali. Watu wamebofya makusudi, si kwa sababu wanataka kununua."

"Watu gani? Mimi nimemtuma nani?"

"Hawakusema."

"Na hela yangu?"

Victor aliinamisha kichwa. "Wanasema wameirudisha kwa wenye matangazo."

Mwanaasha akakata rufaa. Aliandika yeye mwenyewe kwa Kiswahili, maneno ya adabu, na Victor akayatia kwenye Kiingereza. Jibu lilikuja upesi mno, kana kwamba hakuna aliyelisoma ombi: uamuzi ni wa mwisho, na barua hii haipokei majibu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mteja akikataa kulipia gauni, fundi anabaki na gauni, na anamjua mteja kwa sura. Hapa hakubaki na kitu, wala hakuwa na mtu wa kumnunia. Kwa wiki kadhaa alishona kimya, akavunja sindano zaidi ya kawaida yake, na Ijumaa zikapita bila picha.

Mwezi uliofuata alikwenda kijijini Mkuyuni kumsalimia mjomba wake, Mzee Dadi, kaka wa mama yake. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kupita tu; jambo lako ni jambo lake. Alimkuta kwenye kibanda cha Kasimiri, muuza mdalasini, amezungukwa na wafanyabiashara wa ndizi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo kwanza watu wakuone." Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye yule wa kwenye simu. Mtoto wa dada yangu. Mpaka Uarabuni wanamsoma."

Watu wakampa mkono. Mzee Dadi akatoa simu ya kupangusa mfukoni mwa koti, uso umemjaa furaha. "Sasa tazama kazi tunayokufanyia."

Akafungua Kata Vizuri. Zile picha za mikono na kola akazipita bila kuziangalia, akashuka mpaka palipokuwa na kisanduku, sasa kitupu. Akakibofya kwa kidole kikavu cha mkulima. "Siku hizi halitokei. Lakini tangu Idi mpaka juzi juzi, kila asubuhi kabla ya kufungua biashara, mimi, Kasimiri, na hawa wote wenye simu, tulikuwa tunakubofyea. Yule kijana wako alituambia siku ile ya Idi kwamba mtu akibofya, wewe unalipwa. Nikawaambia, huyu ni wetu, hatumwachi peke yake. Je, wamekulipa?"

Mwanaasha akakitazama kile kidole. Hasira yake ilikuwa imezunguka muda wote ikimtafuta mkosaji, kumbe mkosaji ndiye huyu, mwenye kofia iliyofuliwa ikafifia, anamtazama akisubiri habari njema. Akasema tutaongea, Mjomba, akaomba maji. Watu walipotawanyika ndipo alipomchukua nyuma ya kibanda, kwenye magunia ya mdalasini, akamweleza yote taratibu.

Mzee Dadi alisikiliza mpaka mwisho. Akaizima simu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibia."

"Ulikuwa unanisaidia, Mjomba."

"Sikuuliza hivyo."

"Ndiyo. Ni ile mibofyo."

"Ofisi yao iko wapi? Nitakwenda niwaambie kosa ni langu, wewe wakulipe."

"Hawana mlango wa kugonga, Mjomba. Ni barua tu, na zenyewe hazijibiwi."

Mzee akatazama chini. Mwanaasha hakuwahi kumwona mjomba wake akiinama hivyo, na hapo ndipo ile hasira ilipomwisha. Alijua wauza ndizi wale walivyobana salio la simu. Walilitumia kwa ajili yake, asubuhi baada ya asubuhi, bila kumwambia wala kudai shukrani.

"Mjomba," akasema, "mafundi ni wengi Morogoro. Simjui mwingine aliyebofyewa na Mkuyuni nzima."

Mzee akacheka kwa pua, nusu tu. Kisha akaanza kunung'unika, na kunung'unika kwake kukawa na maana. "Na matangazo yenyewe yalikuwa ya ajabu. Tiketi za ndege. Wazungu wanaotafuta waume. Nani hapa atapanda ndege? Mdalasini wa Kasimiri umekosa nini?"

Mwanaasha alirudi Mafiga na swali hilo. Jioni ile ile akamwambia Victor aondoe vile visanduku vya kampuni, vyote. Tangazo la kwanza kuwekwa mahali pake lilikuwa la Kasimiri: mafungu ya mdalasini juu ya khanga, na namba ya simu. Likafuata duka la vitambaa la mjini, halafu fundi wa Gairo anayetengeneza cherehani mbovu. Masharti aliyaweka mwenyewe: unalipa kwa simu kabla, kwa mwezi, abofye mtu asibofye. Mzee Dadi akawa wakala wake bila kuteuliwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita sokoni akiwaonya watu wavizuie vidole vyao.

Kampuni ile haijalipa mpaka leo. Ovaloki ilikuja, imechelewa, imenunuliwa kidogo kidogo, na Ijumaa zikarudi na picha zake.

Mwaka uliofuata Mzee Dadi aliwasili Mafiga na mfanyabiashara aliyevaa suti, anauza krimu za kujichubua. Alitaka ukurasa wa mbele kwa mwaka mzima, na kiasi alichotaja kilimfanya Victor aache kuandika. Mwanaasha aliisoma chupa pande zote, akaiweka mezani.

"Samahani, kaka. Hapa ninafundisha kushona. Ngozi za wasomaji wangu sizigusi."

Mtu yule akaongeza dau. Mwanaasha akatikisa kichwa, akavuta kitambaa, akaendelea kukunja pindo. Mfanyabiashara akamgeukia mzee, akidhani huyo ndiye wa kumwona.

Mzee Dadi alikuwa amekwisha simama kumsindikiza. "Mimi nimekuleta tu," akamwambia. "Mwenye tovuti ni yeye. Akishakataa, amekataa."