Nguo za Walio Shambani

Mwizi wa kwanza kufika kambini kwetu alipita waya wangu kana kwamba haukuwa na kitu. Aliiba shuka za jirani yangu, zile nyeupe za maua ya samawati, na gauni lake la ofisini. Zangu zilikuwa zimeanikwa hapo hapo, akaziacha. Mbele ya watu nilimshukuru Mungu, lakini moyoni iliniuma. Mwizi naye ana macho, na macho yake yalitazama nguo zangu yakaona matambara.

Sikatai, zina madoa. Mimi huchuma majani ya chai katika shamba moja upande huu wa Kericho. Mashine zimetuacha wachache tunaochuma kwa mikono, na utomvu wa majani ukishika kitambaa hautoki hata ukimaliza kipande kizima cha sabuni. Jirani ni karani kwenye ofisi ya shamba, msichana kutoka Siongiroi, hana mume wala mtoto, na mikono yake haijui utomvu. Wiki ile watu walipanga foleni mlangoni kwake kumpa pole. Mume wangu alikwenda pia. Alirudi akisema, "Maskini, wamemmaliza huyo mtoto." Mtoto! Umri ule mimi nilikuwa nimeshazaa mara mbili. Kabla mwezi haujaisha msichana alianika shuka mpya, nzuri kuliko zilizoibwa, na mimi nikajikuta natamani kuibiwa.

Huku kwetu mvua haiombwi. Jua la asubuhi ni la kuazima tu, na mchana ukigeuka mawingu yanashuka juu ya chai, mara nyingine na mawe ya barafu. Kwa hiyo kambini tuna desturi. Mvua ikija, aliye nyumbani huanua nguo za kila mtu, na huanza na za walio shambani, kwa sababu aliye ndani ana mikono yake. Hakuna aliyeiandika. Mtu akihamia hapa, awe ametoka kwetu ziwani au ametoka Bomet, hufundishwa hilo kabla hajaonyeshwa bomba la maji.

Desturi hiyo ndiyo iliyompa mwizi njia. Ukimwona mtu mbio mbio na karai, anachomoa nguo kwenye waya huku manyunyu yanaanza, humuulizi ni za nani. Unamshukuru.

Wizi ulipozidi, mzee wa kambi aliita mkutano kupitia kikundi chetu cha WhatsApp. Alifungua kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako, watu wakacheka kwa sababu nguo zenyewe ndizo hazikuwepo. Ikaamuliwa kwamba wanaume wa shifti ya usiku kiwandani walinde waya mchana, kwa zamu. Mume wangu, ambaye hata kwenye harambee ya ukoo wao hukaa nyuma karibu na mlango, alisimama wa kwanza.

"Mimi nitalinda," akasema. "Kila siku. Zamu ni ya nini?"

Walimpigia makofi. Jirani aliendelea kupiga makofi wengine walipokwisha kunyamaza, na mimi niliona.

"Na utalala saa ngapi?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Kulala ni nini, mama watoto? Watu wanaibiwa!"

Mtu huyu alilala usingizi wa pono siku niliyoshikwa na uchungu wa kitinda mimba wetu. Leo shuka za watu zinamkosesha usingizi.

Basi nikawa nachuma majani huku roho yangu iko kambini. Wingu likitokea upande wa kiwanda, mikono inafanya kazi lakini mimi sipo. Nilikuwa na wivu, wivu wa kumfanya mtu asikie chai chungu hata ikiwa na sukari. Kila jioni nilikuta kiti cha mlinzi mlangoni kwetu, kimeelekea mlango wa jirani. Ndevu zikaanza kunyolewa katikati ya wiki. Yule msichana, kama wengi wa kwao, husema b mahali pa p, na jioni moja nilipomwambia mume wangu kwamba ugali bado, alitabasamu peke yake akasema, "Bika basi." Hata hakujua kwamba amesema. Nilibandika sufuria kwa nguvu hadi mchuzi ukamwagikia moto.

Ijumaa moja nilifua alfajiri sare yangu ya kanisa, gauni jeupe na kitambaa cha buluu cha kichwani, kwa sababu Jumapili akina mama tulikuwa tumealikwa Kipkelion. Niliianika pamoja na shuka zetu na suruali za mume wangu. Jirani hakwenda kazini siku hiyo. Nilimwacha anaanika zake, anaimba. Kwa hiyo kulikuwa na waya mbili zimejaa, mmoja wa mwanamke aliye shambani, mwingine wa mwanamke aliye ndani ya nyumba yake. Mtoto yeyote wa kambini anajua pa kuanzia. Manyunyu yalipotukuta kwenye mizani ya kupimia majani, wenzangu walilalamika. Mimi nilijiambia, leo nitajua.

Nilifika nyumbani nimelowa chepechepe. Waya wangu ulikuwa mtupu. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilisimama mvuani nikacheka kama mwehu, nikajigombeza kwa roho yangu mbaya, nikasema mume ninaye. Nikaingia ndani. Alikuwa mezani anakunywa chai.

"Asante kwa kuanua," nikamwambia, na nilimaanisha.

Aliweka kikombe chini. "Kuanua? Si wewe ndio umeanua?"

Aliyetueleza ni nyanya wa nyumba inayotazamana na yetu, ambaye hushinda dirishani; alivuka akaingia kwetu. Alikuwa amemwona mwanamke aliyejifunika gunia kichwani akitoa nguo zangu moja moja bila haraka, hata pegi akazitia kwenye karai.

"Mimi nikafurahi," nyanya akasema. "Nikasema, hata huyu leo amepata mtu wa kumuanulia. Nikamuita, asante mama, Mungu akubariki. Akajibu amina."

"Na mlinzi alikuwa wapi?"

Nyanya alimtazama mume wangu, halafu akageukia nje. "Si alikuwa anaingiza za huyu wa ofisi."

Tukiwa bado tumesimama hapo, jirani akaja na mwavuli kunipa pole. Mkononi alikuwa na gauni jeupe.

"Pole sana, mama," akasema. "Mimi zangu mzee wako alinianulia zote, hata akanikunjia, maana nilikuwa nabika. Chukua hii uvae Jumapili."

Nilitazama lile gauni. Mikono ilikuwa imerudishwa nyuma, kola imekaa juu, kingo zimelingana kama shati la dukani. Tangu niolewe na huyu mwanamume, nguo safi kwake ni kitu cha kutupia juu ya kiti. Sikujua kwamba vidole vyake vinaweza kufanya vile. Iliniuma kuliko kama ningewakuta wameshikana mikono. Nikasema sihitaji, asante, na nikamfungulia mlango.

"Mvua ilinishtua," mume wangu akasema tulipobaki wenyewe. "Nilianza na zilizo karibu."

Nilimshika mkono nikamtoa nje. Waya wangu umefungwa kwenye nguzo ya mlango wetu. Wa jirani uko ng'ambo yake, na huwezi kuufikia kutoka kwetu bila kupita chini ya wangu.

"Uliinama," nikamwambia. "Sare yangu ilikugusa mgongoni. Ukapita."

Alitazama matope, na mimi pia nikayatazama.

Jumapili sikwenda Kipkelion. Nilisema nina mafua. Wiki nzima alitembea nyumbani kwa adabu, akaosha hata vikombe, na kila kikombe alichoosha kilizidi kunikasirisha. Kila nilipomuuliza kuna nini kati yake na yule, alisema hakuna kitu, ni ujirani tu, wivu utaniua. Huenda ungeniua kweli. Nilichotaka ni kujua kama bado nina mume au nina mpangaji.

Siku yangu ya kupumzika nilifua nguo zangu na za watoto, nikazianika. Zake sikuzigusisha maji. Nilizitia kwenye karai zikiwa chafu, ovaroli ya kiwandani, mashati, mpaka soksi, nikaweka kipande cha sabuni juu. Nikavuka uwanja mchana kweupe, akina mama wote wako bombani, nikabisha kwa jirani.

"Dada," nikamwambia, "nimekuletea nguo za mume wangu. Kuanua anajua. Kukunja anajua. Kufua ndio hajui."

Bombani ndoo ya mtu ikajaa ikamwagika. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atacheka, au atalia, au atanitukana kwa Kikipsigis, na kwa kila moja nilikuwa na jibu langu tayari. Nilitamani sana anitukane. Mtu aliyesingiziwa hutukana.

Alifuta mikono kwenye sketi, akalipokea karai kwa mikono miwili.

"Sawa, mama," akasema, na akaliingiza ndani.