Mazoezi ya Saa Saba

Niliinyakua filimbi ya fizio siku ya Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana, pale uwanja wa kuegesha magari wa hospitali. Fizio ndiye kijana aliyekuwa akitusimamia mazoezi ya viungo. Alikuwa ameshusha barakoa hadi kidevuni ili apulize vizuri. Mimi nilikuwa nimeacha kuruka. Maziwa yalikuwa yamepenya sidiria, yakapenya fulana, yakapenya yunifomu ya kijani ya kazi, na madoa mawili yalikuwa yanashuka kuelekea tumboni mbele ya watu wote. Nje ya geti mtoto wangu wa miezi minne alikuwa analia. Nilimsikia.

"Mama, unapumzika?" akaniuliza. "Bado raundi mbili. Ruka, Mama, ruka!"

Sikumtukana. Nilishika kamba ya ile filimbi nikaivuta mpaka ikamtoka mdomoni na shingoni, nikaondoka nayo. Wenzangu wakarudi nyuma. Hawakuniogopa mimi, waliogopa mate yaliyokuwa kwenye filimbi, maana wakati huo wa korona mate ya mtu yaliogopwa kuliko panga. Nikapita kazini kwetu, nikaitumbukiza kwenye dramu la jiki, dawa ya kuua viini, nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikabadilisha nguo, nikatoka nje ya geti kunyonyesha.

Habari iliyosambaa hospitalini ilikuwa kwamba kuna mama alichanganyikiwa na korona akamnyang'anya daktari filimbi. Sikuchanganyikiwa. Na yule si daktari.

Nilikuwa nafanya kazi sehemu ya kufulia, ambayo sisi tuliiita londri. Tulikuwa watano. Shuka za wadi ya korona zilikuja kwa mifuko miekundu, tunazilowesha kwenye dramu, tunazifua, tunazianika, tunazipiga pasi. Mashine kubwa ilikufa mwezi wa pili wa korona na fundi hakuja, kwa hiyo tulirudi kufua kwenye karo la simiti. Blanketi hufui kwa mikono. Unavaa gambuti, buti za mpira, unapanda ndani ya karo, unakanyaga. Blanketi moja unalikanyaga mpaka maji yabadilike rangi mara tatu. Halafu watu wawili wanashika ncha, huyu anasokota huku na yule anasokota kule, mpaka mgongo unauma hadi kwenye meno. Halafu unalisukuma kwa toroli juu ya kilima kidogo hadi kwenye kamba. Mzee wetu, aliyekuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu, alikuwa akisema londri imemfanya awe na miguu kama ya mchezaji, shida ni kwamba hakuna timu inayomtaka.

Saa saba mchana ndiyo ilikuwa saa yangu. Mama mkwe alikuwa amekuja kwangu mtaa wa Kaloleni kutoka Luanda Kotieno, kando ya ziwa, nilipojifungua, akiwa na nia ya kukaa wiki mbili. Biashara yake ya omena, vile visamaki vya ziwani, ilikuwa imelala, kwa hiyo nilipomwomba abaki, alibaki. Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Kila siku saa sita na nusu mama mkwe alimfunga mgongoni, akafungua mwavuli, akatembea mpaka getini kwetu. Hakuruhusiwa kuingia. Hata chumba kidogo ambacho kina mama walikuwa wanatumia kunyonyeshea kilikuwa kimejazwa maboksi ya glavu. Basi saa saba kamili mimi naoga haraka kwenye bafu la londri, navaa dera safi niliyoiweka kwenye mfuko wa plastiki, natoka, nakaa kwenye benchi la mama mmoja wa chapati upande wa pili wa barabara. Mtoto ananyonya dakika arobaini. Mama mkwe ananiambia habari za nyumbani. Saa nane niko ndani ya gambuti.

Mtoto hakutaka chupa. Tulijaribu kikombe, tukajaribu kijiko, akavitema vyote na kutuangalia kama tumemkosea. Alikuwa ananyonya asubuhi, saa saba, na jioni. Ukitoa ile ya katikati, anakaa saa kumi na moja bila kitu cha maana tumboni.

Ndipo ikaja barua ubaoni. Wahudumu wa afya wamechoka mwili na akili, barua ilisema, na mazoezi huimarisha kinga. Wauguzi wangefanya mara mbili kwa wiki. Sehemu ambazo uchunguzi ulionyesha wafanyakazi wake ni watu wa kukaa zingefanya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba mchana, kwa rejista. Atakayekosa mara tatu ataandikiwa barua ya onyo. Sehemu za watu wa kukaa zilitajwa: ofisi ya rekodi, simu, na londri.

"Yawa!" Mzee alisema. "Mimi mtu wa kukaa? Nimekaa lini?"

Mimi mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nilienda. Siku ya kwanza nilimwambia fizio nina mtoto getini. Akasema polepole, kwa adabu, kwamba mazoezi ni dakika arobaini tu, nitabaki na dakika ishirini. Ukitoa kuoga na kubadilisha nguo, nilibaki na dakika sita. Mtoto akipewa dakika sita anakasirika tu. Anaanza kushika titi, ananyang'anywa.

Jumatatu ya wiki ya nne ya mazoezi mama mkwe alimpeleka kliniki. Jioni akanionyesha kijitabu. Ule mstari wa kilo ambao kila mwezi ulikuwa unapanda, ulikuwa umelala.

"Nyar Kondele," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Kondele, kwa kuwa huko ndiko nilikozaliwa, na alipenda kusema watu wa Kondele wanajua kupiga kelele. "Nyar Kondele, siku hizi umenyamaza. Una nini?"

Ilikuwa Jumatatu hiyo. Filimbi ilikuwa kesho yake.

Baada ya filimbi, msimamizi aliniletea barua: nieleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa, kwa nini nisichukuliwe hatua. Niliikunja nikaiweka kwenye gambuti. Jumatano asubuhi fizio mwenyewe akaja londri. Nilidhani amekuja na askari. Alikuja na bahasha.

"Nimefuata filimbi yangu, Mama."

"Iko kwenye jiki tangu jana. Ni safi kuliko wewe."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Fizio hakucheka, lakini hakukasirika pia. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa karatasi tano kwenye bahasha.

"Mama, mimi sikuamua kwamba nyinyi ni watu wa kukaa. Mliandika wenyewe."

Nilizijua karatasi zile. Zilikuwa fomu alizotuletea mwezi uliopita, siku ya blanketi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne, niliwasomea wenzangu na kuwajazia wote. Sasa akaweka kidole kwenye namba tatu. Ilikuwa imeandikwa hivi: *Kazini, wewe hufanya kazi ya kutoa jasho.* Chini yake, mwandiko wangu, mara tano: LA. Kwenye fomu ya Mzee nilikuwa nimeongeza alama ya mshangao.

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa nimesimama karoni, nimevua glavu moja. Nilisoma kwa sauti, nikawaambia, "Wanasema hatufanyi kazi ya kutoa jasho." Mzee akauliza nani anasema. Nikamwambia hii karatasi. Akasema, "Andika LA. Andika kubwa, wasome wakiwa mbali." Tukajisikia vizuri siku nzima.

"'Hufanya,'" fizio alisema, "ni kitu unachokifanya kila siku. Kama hukifanyi ningeandika 'hufanyi'." Alikuwa amelelewa na nyanya yake Mombasa, na Kiswahili chake kilinyooka.

"Omera, ndugu yangu," Mzee akamwambia, "sasa kwa nini usiandike 'unafanyanga' kama watu?"

"'Unafanyanga' si Kiswahili sanifu, Mzee."

"Na jasho langu ni sanifu?"

Kidato cha pili tulikuwa na mwalimu aliyetufundisha hiyo *hu* mpaka tukaiota. *Hu* ya mazoea, alikuwa anaiita. Mama hupika, jua huchomoza. Niliijibu kwenye mtihani nikapata alama zangu, halafu nikatoka shuleni nikaenda mahali ambapo hakuna mtu anaiongea. Huku kwetu ukiambiwa *hu*, unajua umekatazwa au umelaumiwa. Kwa hiyo ni mimi. Ni mkono wangu uliotupeleka pale uwanjani, na mkono wangu uliomnyima mwanangu saa saba.

Halafu hasira ikarudi, safari hii ikiwa imetulia, na hasira iliyotulia ndiyo mbaya.

"Wewe gari lako unaegesha wapi?" nikamuuliza.

"Hapo nyuma."

"Kwa hiyo kila asubuhi unapita hapa mlangoni."

"Ndiyo."

"Ulituona tukikanyaga blanketi?"

"Niliwaona."

"Ulidhani tunacheza densi?"

Aliangalia karo. Siku hiyo lilikuwa limejaa, na wenzetu wawili walikuwa ndani, maji yanafika kwenye magoti. Akasema, "Niliona, Mama. Lakini ripoti hutoka kwenye fomu." Halafu akasema ripoti ilikuwa imeshapanda juu na hawezi kuishusha. Akienda kuikana mwenyewe, wakubwa wataambiana hajui kazi yake. "Lakini wewe ukiandika malalamiko rasmi, lazima wajibu. Na mimi wakiniuliza, nitasema ukweli."

Alisema hivyo akiwa ameshika filimbi, niliyokuwa nimemtolea kwenye dramu, kwa ncha ya kamba, mbali na nguo, kwa sababu jiki hutoboa.

Jioni hiyo niliketi mezani Kaloleni na daftari. Niliandika mstari wa kwanza: *Naomba radhi kwa kosa la kuchukua filimbi.* Nikamsomea mama mkwe, ambaye alikuwa anamtembeza mtoto chumbani. Akasimama.

"Nyar Kondele, usianze na msamaha. Wataokota huo msamaha na hayo mengine watayaacha chini. Sema kwanza unataka nini."

Nikang'oa karatasi, nikaanza tena.

Alhamisi saa nne nilipeleka barua mbili masijala, yaani ofisi ya kupokea barua. Karani alikuwa nyuma ya kioo, ameacha tundu dogo la kupitishia karatasi.

"Hii ni jibu la barua ya kujieleza?"

"Jibu ni hii nyembamba. Hii nyingine ni malalamiko."

"Yanahusu nini?"

"Kunyonyesha."

Akafungua kitabu chake, akapitisha kalamu kwenye orodha. "Mama, hapa nina mshahara, nina likizo, nina unyanyasaji, nina vifaa. Kunyonyesha nitakuweka wapi?"

"Weka vifaa."

Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Lakini akagonga muhuri, kwenye barua na kwenye nakala yangu, na nakala ninayo mpaka leo. Inasema:

*Kwa Msimamizi Mkuu wa Hospitali.*

*MINTARAFU: MALALAMIKO KUHUSU MAZOEZI YA SAA SABA*

*Nataka saa yangu ya mapumziko, kuanzia saa saba hadi saa nane, irudishwe ili nimnyonyeshe mtoto wangu. Ana miezi minne. Tangu mazoezi yaanze hajaongeza uzito, na nakala ya kijitabu cha kliniki nimeiambatanisha.*

*Nalalamika kwamba wafanyakazi wa londri tumeitwa watu wa kukaa. Fomu zetu zilijazwa vibaya, na aliyezijaza ni mimi. Nilielewa swali la tatu kinyume. Wenzangu wasilaumiwe. Lakini fomu haikutoka ikaja kutuangalia. Hakuna mtu wa ofisi aliyetembea hatua arobaini mpaka kwenye karo kabla ya kuandika kwamba hatutoi jasho. Naomba mtu atumwe siku ya blanketi, avae gambuti, akanyage blanketi moja mpaka maji yabadilike rangi mara tatu. Baada ya hapo kama bado ataona tunahitaji kuruka, tutaruka.*

*Naomba pia maboksi ya glavu yatolewe kwenye chumba cha kunyonyeshea. Siko peke yangu. Kuna wauguzi wawili wanaokamua maziwa chooni, nao wanaogopa kuandika.*

*Kuhusu filimbi, niliichukua bila ruhusa. Hilo ni kosa na nimelieleza katika barua nyingine. Msichanganye barua hizi mbili.*

*Naomba nijibiwe kwa maandishi. Kesho saa saba nitakuwa nje ya geti, upande wa pili wa barabara, na rejista inaweza kuandikwa hivyo.*

*Wenu mtiifu,*

*Mfanyakazi wa londri.*