Barua Niliyoilaza Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mahakama ya Mwanzo, karani mkuu alinikabidhi dispachi, yaani daftari la kusainia barua zinazotoka. Akaniambia nisichoshe miguu kwa barua moja. Nisubiri zifike tano ndipo nitoke. Niliishika amri hiyo Mpanda mjini, nikahamia nayo kituo cha Usevya, nikarudi nayo Mpanda. Niliiona ni akili. Nyie mnaoanza ukarani leo, sikieni iliponifikisha.

Mwaka wangu wa mwisho aliletwa mama mmoja mjane wa Kasekese. Alikamatwa dukani na viatu vya shule kaviviringisha ndani ya kitenge. Binti yake alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Alikiri palepale. Mwenye duka, Mwislamu mzee aliyejulikana kwa ukali, alitushangaza aliposema viatu vyake amevipata na hana dai lingine.

Hakimu Mfawidhi aliahirisha adhabu wiki mbili. Alitaka kwanza taarifa ya afisa wa huduma kwa jamii, yule anayechunguza kama mkosaji anafaa kutumikia adhabu akiwa nje, pengine kwa kufagia zahanati, badala ya kwenda jela. Barua niliandika mimi. Nikailaza mezani ikisubiri nyingine nne, na ofisi ya afisa ilikuwa ng'ambo ya soko tu.

Siku ya hukumu hakimu aliuliza, "Karani, taarifa iko wapi?"

"Haijafika, Mheshimiwa."

Sikusema uongo, lakini mpaka leo naona aibu. Ningeongeza tu kwamba barua bado iko mezani kwangu, angeahirisha tena. Niliogopa kuchafua jina langu nikiwa nimebakiza miezi michache. Hakimu alisema wizi wa madukani umezidi, akampa miezi sita.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Kabungu, na nina muda mwingi mno wa kufikiri. Sisemi mwizi wa dukani aachwe. Mwenye duka naye ana familia. Lakini aliyeiba kitu kidogo, mara ya kwanza, akakiri, sheria imfanyishe kazi mbele ya watu wanaomjua, kisha arudi kwake akawapikie wanawe. Adhabu hiyo ipo. Mimi ndiye niliyemnyima.

Nilikwenda kwa yule mwenye duka kununua vile viatu, maana mahakama ilikuwa imemrudishia. Alikataa hela yangu. "Mpelekee mtoto," aliniambia. "Mimi sina raha navyo."

Kasekese nilimkuta binti anapepeta mahindi, mdogo wake mgongoni. Mama yake alishatoka kifungoni, siku hiyo alikuwa kibaruani. Binti alinieleza kwamba miezi yote ile yeye ndiye aliyebaki kulea wadogo zake, na nafasi yake ya shule ikapita. Nikamweleza habari ya barua, yote, bila kujitetea. Alinisikiliza, akavigeuzageuza vile viatu, akaviweka chini taratibu.

"Asante, babu," alisema. "Sasa nivivae niende wapi?"