Mchezaji wa Maposeni

Kabla ya vita nilikuwa mpishi katika nyumba ya kulaza wasafiri hapa Songea, si mbali na boma la Wajerumani. Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kilwa. Misafara ilipopanda kutoka pwani na vitambaa na chumvi, au iliposhuka na pembe na nta, wakubwa wa msafara walilala vyumbani na wapagazi walilala uani. Nilitoka kwetu Lusewa nikiwa sijui kupika zaidi ya ugali. Mwenye nyumba alinifundisha wali na mchuzi wa kuku, akanifundisha na namna ya kumpokea mtu: kwanza maji ya kunawa miguu, kisha kitu cha moto, kisha ndiyo umuulize habari za njia. Niliipenda kazi ile. Mtu alifika hana sura kwa vumbi na uchovu, na asubuhi yake alikuwa mtu tena.

Lakini mapenzi yangu yalikuwa kwenye bao. Jioni, vyombo vikishaoshwa, nilikaa barazani na kumngoja mgeni yeyote aliye tayari kukaa mbele yangu. Niliwashinda karibu wote. Wapagazi walichukua habari zangu mpaka pwani, wakawa wanafika watu wanamuulizia mpishi kabla hawajaulizia chakula. Mwenye nyumba alilalamika kwamba nitamuunguzia wali siku moja. Nikamwambia wali ukiungua tutacheza, nikishindwa nitaula mwenyewe. Akacheka.

Mtu mmoja tu sikumweza. Alikuwa mzee wa Kingoni kutoka Maposeni, mkubwa wa vijiji vichache huko, ambaye boma lilimwita mara kwa mara kwa habari za kodi na vibarua. Akija mjini alilala kwetu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alisambaza kete bila kuzitazama, kama mtu anayepanda mbegu katika shamba analolijua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mpishi. Umepika nini, na umejifunza nini?"

Nilimpikia, tukacheza, akanishinda. Usiku nililala nikiurudia mchezo kichwani, nikitafuta mahali nilipokosea. Sikupaona. Akija tena nilikuwa na mbinu mpya, naye alinishinda vilevile.

Mara ya mwisho kabla ya vita alifika akiwa mkimya kuliko kawaida yake. Tulipokuwa tukicheza aliniambia kwamba kuna dawa imefika, maji, na kwamba aliyeyanywa risasi haitamwingia.

"Na wewe baba unaamini?" nilimuuliza.

Alimaliza kwanza kusambaza kete zake. "Watu wangu wamekunywa," alisema. "Siwezi kubaki nyuma yao."

Vita vilipoanza, mwenye nyumba yetu alikuwa njiani na msafara wake, upande wa Tunduru. Hakurudi, wala sikupata mtu wa kuniambia alizikwa wapi. Boma likaichukua nyumba kuweka askari, nami nikaamriwa kwenda kupika bomani. Sikuulizwa kama nataka. Kutoka jikoni nilisikia mzinga ukipigwa, na baadaye niliona moshi wa vijiji ukipanda kila upande wa mji, siku baada ya siku, mpaka macho yakauzoea. Maji hayakuzuia kitu. Watu walianza kuletwa wamefungwa.

Nilipewa pia kazi ya kupeleka chakula kwa wafungwa. Walikaa uani wamefungwa mnyororo mmoja shingoni, wote wazee, watu waliokuwa wakipokewa kwa heshima popote walipokwenda. Siku ya pili niliweka sufuria chini nikamwona yule mzee wa Maposeni katikati ya mnyororo. Alikuwa amekonda. Sikujua nimwamkieje mahali pale, nikaona nimwamkie kama siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mpishi." Alitazama ndani ya sufuria. "Ugali mtupu. Umeshuka cheo."

Wenzake wawili walicheka kidogo. Nikatamani kulia, lakini sikulia.

Kesho yake aliniomba tucheze. Nilimwendea kiongozi wa askari wa zamu, Msudani mtu mzima aliyekuwa akipenda bao yeye mwenyewe, nikamwomba ruhusa. Alifikiri, akasema sawa, mradi nisimkaribie kwa kisu wala kwa fimbo. Tukachimba mashimo kwenye udongo wa ua kwa vidole na tukaokota vijiwe.

Nilikuwa nimekusudia kumwachia ashinde. Niliona ndicho kitu pekee ninachoweza kumpa. Lakini sikupata nafasi ya kumwachia chochote. Kila alipotaka kufikia shimo la mbali ilibidi ainame, na akiinama, wenzake wa kulia na kushoto waliinama naye, maana mnyororo ulikuwa mfupi. Mwanzoni walinung'unika. Kisha wakaanza kuufuata mchezo, wakawa wanainama kabla yake, wakimnong'oneza kwa Kingoni ale hapa, asile pale. Msudani alisimama nyuma yangu na bunduki yake begani, akinionea huruma kwa jinsi nilivyokuwa nikiliwa. Nilishindwa vibaya kuliko siku zote. Mnyororo mzima ulifurahi. Kwa muda ule mfupi ungeweza kudhani ni watu wako barazani kwao.

Vijiwe vilipokwisha kukusanywa hakuvirudisha kwangu. "Njoo uone," alisema. Akavipanga upya kama mwanzo wa mchezo.

"Wewe unailinda nyumba," aliniambia, akigonga lile shimo kubwa liitwalo nyumba, ambamo kila mchezaji hurundika kete zake. "Kila mtu anailinda, mpaka mwenzake anaizoea na kujua pa kukungojea. Mimi naisambaza mapema, ningali na nguvu. Unadhani nimefilisika, kumbe niko kila mahali." Alinionyesha mara moja, polepole, kisha akaniambia nifanye mwenyewe. Nikafanya. Akanisahihisha shimo moja.

"Kwa nini unanipa, baba?"

"Nimpe nani mwingine humu?" alisema.

Walinyongwa muda mfupi baada ya hapo, yeye na wengine wengi. Padri aliwapitia kwanza; baadhi walikubali kubatizwa, wengine hawakukubali. Yeye sijui alichagua nini. Watu wa mji waliamriwa kwenda kutazama. Mimi nilibakizwa jikoni kwa kuwa kulikuwa na wageni wa kizungu, nikaambiwa ninyonyoe kuku. Ua ulinyamaza, na katika ule ukimya nilinyonyoa kuku. Chakula kilipokuwa tayari nikakipeleka mezani, wakala. Mmoja wao alisifu mchuzi.

Ikafuata njaa. Mashamba yalikuwa yamechomwa pamoja na maghala, na waliobaki walikula mizizi ya porini. Nilipopata ruhusa nilikwenda Maposeni kumtafuta mkewe. Nilimkuta katika kibanda cha majani pembeni ya majivu ya nyumba yao, mama mtu mzima, miguu imevimba. Nilimwamkia nikamweleza mimi ni nani.

"Yule mpishi," alisema. "Alikuwa akikutaja."

Nilidhani ataniuliza alikufaje. Aliuliza, "Mle ndani alikuwa anakula?"

"Alikula, mama. Nilimpikia mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa. Nilimkabidhi mtama kidogo niliotoka nao bomani, nikataka kumwambia habari za ule mchezo wa uani, lakini alikuwa akihangaika, akiangalia huku na huku ndani ya kibanda. Alikuwa anatafuta cha kumpa mgeni. Hakukuwa na kitu. Hata kigoda hakikuwapo.

"Utanisamehe," alisema. "Umefika nyumbani kwangu na unaondoka hivihivi."

Nilimwambia nimeshiba. Nilitembea kurudi Songea nikipita vijiji visivyo na jogoo wala moshi wa jikoni. Niliendelea kupika bomani miaka mingi, na askari walioletwa kutoka nchi mbalimbali walikuja kupambana nami kwenye bao. Nilianza kila mchezo kwa kuisambaza nyumba, na sikumwona aliyeweza kunizuia. Walipotaka kujua nani alinifundisha, niliwaambia ni mgeni mmoja aliyekuwa akilala kwetu.