Kupeleka Majina Kabianga

Kabla ya safari yenyewe, niwataje tuliokuwa. Kwenye pikipiki tulikuwa wawili: mimi, Taplelei, na Wilson, mtoto wa jirani yangu Rael. Wilson alikuwa akiwawekea ng'ombe wa Ndanai mbegu za fahali ili washike mimba, ndiyo tukamwita Daktari wa Mbegu. Kabianga nilikuta kijana wangu Joel, bibi yake Esther, na jirani yao Kemunto, mama wa Kisii aliyechuma majani chai pamoja na Esther. Na mtoto mchanga wa Joel na Esther. Mtoto hakuwa na jina, na hiyo ndiyo sababu niliondoka.

Kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, wamama wazee wanamwitia watu wa ukoo wa baba waliokufa, mmoja mmoja. Jina likimfanya apige chafya, huyo ndiye amerudi. Joel alijua matatu tu, na yote matatu mtoto alinyamazia. Mume wangu alikuwa amekufa, na dada zake wote, kwa hiyo majina yao yalibaki kwa kichwa changu peke yake. Shule niliachia darasa la pili, lakini jina la mtu likiniingia halitoki.

Ilikuwa mwisho wa mwaka ule wa mvua ya El Nino. Joel alipiga simu kwa duka la Ndanai, na mwenye duka akaniletea maneno vile yalivyokuwa: "Mtoto ana siku tatu, hanyonyi, hospitalini wamesema hawezi kupona. Mama, uje leo. Asiende bila jina."

Saa tatu asubuhi, Ndanai. Magari hayakuwa yanatembea, barabara ilikuwa uji. Wilson alifungua kamba za mtungi wake wa mbegu nyuma ya pikipiki, akaushusha, akaniweka mahali pake.

"Kogo, kaa kama mwanaume, mguu huku na huku. Na unishike kiuno." Kogo kwetu ni nyanya.

"Tangu baba Joel afe sijashika kiuno cha mtu."

"Leo shika. Ukianguka, mama ataniua."

Ugoro wa kumsaidia mtoto apige chafya niliufunga kwenye pindo la leso.

Saa tano, daraja la Kipsonoi, karibu na Sotik. Maji yalikuwa yamepanda juu ya daraja, ya rangi ya damu ya ng'ombe. Wanaume wawili walishika pikipiki mbele na nyuma, mimi nikavuka kwa miguu, maji kwa magoti. Niliwauliza majina, ndiyo tabia yangu. Cheruiyot na Sigei. Mungu awakumbuke.

Baada ya Litein tuliacha lami. Hapo ni udongo mwekundu, majani chai pande zote, na ukungu. Kwa mteremko mmoja pikipiki ilituacha ikaenda peke yake, halafu ikarudi kunilalia mguu.

"Kogo! Uko mzima?"

"Mdomo uko mzima, na majina yako ndani. Inua hii kitu yako."

Ugoro ulikuwa umelowa ukawa matope. Kutoka hapo nilianza kutaja majina mgongoni mwa Wilson nisije nikayapoteza nayo.

"Unaomba, Kogo?"

"Nataja wazee."

"Waambie washuke, tumezidi uzito."

Nilicheka. Siku hiyo sikucheka tena.

Saa tisa, Kabianga. Esther alikuwa na homa, kwa hiyo mtoto alikuwa kifuani kwa Kemunto, kando ya moto. Alikuwa wa rangi ya jivu. Sikubadilisha nguo. Nilikaa nikaanza na wazee wa mbali: Kibelion, Chumo, Kipsang. Hapo mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati. Nilipiga kelele na sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Sikunyamaza, maana mtoto alikuwa anapumua kama kifaranga. Ghafla Kemunto aliinua mkono. Joel akaruka. Mtoto alikuwa amepiga chafya.

Mawe yalipopungua nikauliza, "Kwa jina gani?"

"Mama Joel, majina yenu yote ni Ki, Ki, Ki," Kemunto alisema. "Ilikuwa Kimeli. Ama Kimeto. Yesu, sijui."

Tuliyarudia yote mawili. Mtoto hakupiga chafya tena.

Esther akanitazama. "Mama, wewe ulikuwa umefika wapi?"

"Kimeto," nilisema. Nilisema haraka, kwa sababu Joel alikuwa analia.

Mtoto alikufa asubuhi iliyofuata, Alhamisi. Ijumaa tukamzika nyuma ya nyumba, na Joel akaandika Kimeto kwenye msalaba na rangi nyeusi.

Jumamosi tulirudi. Mawe yalikuwa yamechuna majani chai yakabaki vijiti vitupu. Wilson hakutania. Nilitaja majina njia yote mpaka Ndanai nione nilikuwa wapi mkono ulipoinuka. Kimeli na Kimeto yanafuatana, hakuna hata pumzi katikati.

Nilichojifunza ni kwamba majina ya ukoo hayafai kuachiwa mdomo mmoja. Wajukuu wangu wengine nimewafundisha yote. Lakini jina la huyo mmoja limenishinda. Kimeto alikuwa kaka ya mume wangu, Kimeli alikuwa baba yao mdogo, na mmoja wao huenda alikuja na sikumpokea. Joel, Esther, na wewe Kemunto popote ulipo: kama mlinisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwenyewe, mnisahihishe. Rangi ya kuandika msalaba upya nitabeba mimi.