Siku nilimwaga maji uwanjani ili nione miguu

Shida zangu zilianza mwaka baba alikufa kule Musumba, nikiwa na miaka kumi na mbili, na tangu siku ile sijaogopa njaa, mvua wala tajiri, lakini aibu, aibu yenyewe, ilinisubiri mpaka nikaota mvi, ikanikuta Dilala katikati ya uwanja wa basket, mbele ya mke wangu na kwaya nzima ya parokia.

Mi ni arbitre, mwamuzi wa basket. Shule niliacha mapema, filimbi nilijifunza mwenyewe kwa kutazama. Na niwaambie wazi: faulo hata kipofu anaiona, lakini marche (mchezaji akitembea na mpira mkononi bila kuudundisha) ni kazi ya shetani, maana mikono iko juu, miguu iko chini, na Mungu alinipa macho ya kutazama upande mmoja. Tena uwanja wetu ni udongo mwekundu, wakikimbia vumbi linapanda mpaka magotini, sasa miguu utaihesabu wapi? Malalamiko yakazidi. Kocha Kazadi wa timu ya Manika akaapa mbele ya komite: muzee akikosea tena kwenye fainali, filimbi inatoka shingoni mwake, inakwenda kwa mwingine.

Ndipo nikapata akili. Niko na lori la citerne, kazi yake kumwagia maji barabara za migodi ili vumbi lilale. Kwa nini lisilaze na vumbi la basket? Nikamwambia dereva, "Mwaga." Akamwaga kama anamwagia barabara ya malori makubwa. Pembe moja, karibu na kikapu, ikawa shamba la mpunga.

Mchezo umeanza tu, nikakimbia kinyumenyume (kama maarbitre wa televisheni), miguu ikaenda mbele, mi nikabaki, pwaa! matako ndani ya ile pembe, na suruali nyeupe niliyoshonesha kwa siku ile ikapasuka toka mkanda mpaka goti. Uwanja mzima ukazungusha ngumi mbili mbele ya kifua, ishara yangu mwenyewe ya marche. "Tata arbitre, baba yetu, ulitembea!" Mke wangu, Mama Anyesi, akavua kitenge chake cha juu, chenye picha za kuku na mayai, akanifunga kiunoni. "Maliza kazi, papa. Aibu utaona ku nyumba." Nikachezesha fainali nimevaa kuku na mayai yao.

Wachezaji nao wakaikwepa ile pembe, hakuna aliyetaka kuanguka kama mi, mpaka dakika ya mwisho, Dilala wako mbele kwa pointi moja, kijana wa Manika akapita humo humo peke yake na kufunga. Vumbi hakuna. Miguu niliiona kama ninavyoona mkono wangu. Nikapiga filimbi: marche, kikapu hakuna.

Balaa! Kocha Kazadi akaingia uwanjani. "Huyu muzee haoni! Macho aliacha ku Musumba!"

"Kuja," nikamwambia. "Kuja uone na yako."

Nikamshika mkono mpaka kwenye tope, watu nyuma yetu. Alama ya mpira ilikuwa pale, duara, mahali ulipodunda mara ya mwisho, na baada yake alama za viatu vya yule kijana, safi kama mihuri.

"Huu mguu wa kushika mpira, nakusamehea. Moja. Mbili, sheria inaishia hapo. Na huu? Na huu? Na huu nao ni wa nani, wa mama yangu?"

Kazadi akaonyesha shimo kubwa pembeni. "Na hii, tata?"

"Hiyo ni ya arbitre. Yeye hakutembea, alianguka."

Watu wakacheka mpaka kukaa chini, Kazadi mwenyewe akacheka, akawaambia wachezaji bake, "Tubebe bitu yetu, tuende." Tangu hapo komite haijataja tena macho yangu. Batoto wa Dilala wananiita Tata Matope, na mi naitika.

Kumwagia uwanja kwa citerne nimeapa sitarudia (sasa nachukua ndoo, ninapima mwenyewe), na suruali nyeupe sivai hata kwenye harusi. Leo niko na nyumba ya matofali Dilala, malori mawili na ile citerne, mbuzi, kitenge cha kuku ambacho Mama Anyesi alikataa kukichukua tena, na filimbi. Iko shingoni.